Chanzo Kikinona, Huhama

*Kodi ya majengo ilikwenda TRA, ikarudi halmashauri, ikaondoka tena. Safari yake inaeleza uhuru wa kifedha wa serikali za mitaa kuliko takwimu za makusanyo zinavyoweza kueleza.*

Mwenye nyumba ya kawaida katika mji wowote wa Tanzania Bara anaponunua umeme wa kulipia kabla (LUKU) kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, Sh1,500 hukatwa kabla uniti hazijahesabiwa, na fedha hizo, ambazo kisheria ni kodi ya majengo, huelekea Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila kupita mezani kwa mweka hazina wa halmashauri ya eneo hilo. Halmashauri hiyohiyo ndiyo inayotazamiwa kuzoa taka za mtaa, kusimamia soko, kuiangalia zahanati na kujenga vyoo vya shule, na diwani wake ndiye anayesimamishwa njiani na wapiga kura wanaotaka kujua kodi yao inafanya kazi gani.

Utaratibu huo, ulioanza mwaka 2021, una wepesi ambao hata wakosoaji wake hawaukani, kwa kuwa umeondoa foleni, vitabu vya risiti na mkusanyaji anayebisha hodi. Hata hivyo, umeigeuza kodi ambayo katika nchi nyingi duniani huhesabiwa kuwa mali ya serikali za mitaa ikawa kodi ya serikali kuu, nao walipaji, ambao wengi huiona kama sehemu ya bei ya umeme, hawana tena sababu ya kumbana diwani juu yake.

Suala hilo ni kipande cha jambo kubwa linaloitwa ugatuaji wa madaraka ya kifedha, yaani namna serikali kuu na serikali za mitaa zinavyogawana mambo manne: majukumu ya matumizi, vyanzo vya mapato, ruzuku kutoka juu na haki ya kukopa. Tanzania imegawa majukumu kwa ukarimu, ikagawa vyanzo kwa mkono wa birika, ikatoa ruzuku kwa masharti, na mikopo ikaiweka chini ya idhini ya waziri. Zanzibar, ambako serikali za mitaa si jambo la Muungano, ina sheria zake na haimo katika makala haya.

Zilifutwa, zikarudishwa

Halmashauri za Tanzania zina kumbukumbu ya kufutwa, na kumbukumbu hiyo haijawahi kuondoka kabisa katika siasa zake. Mwaka 1969 kodi ya kichwa, iliyokuwa tegemeo la halmashauri za vijijini, iliondolewa, na mwaka 1972 halmashauri zenyewe zilivunjwa chini ya mpango uliopewa jina la Madaraka Mikoani, ambao ulitokana na ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani na ambao, kinyume cha jina lake, ulipeleka mikoani maofisa wa serikali kuu badala ya madaraka ya wananchi. Halmashauri za miji zilifuata muda mfupi baadaye.

Matokeo yalionekana upesi katika miji, ambako taka zilirundikana, mitaro ikaziba na kipindupindu kikalipuka, hata Serikali ikalazimika kutunga sheria ya muda ya mwaka 1978 kuzirudisha halmashauri za miji. Sheria tatu za mwaka 1982, Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji na Namba 9 ya fedha za serikali za mitaa, zilikamilisha urejeshaji huo, halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984, na Ibara za 145 na 146 zikaingizwa katika Katiba kutamka kwamba vyombo hivyo vitakuwapo na kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikiri mwaka huo wa 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angepewa nafasi ya kuanza upya.

Kilichorudi mwaka 1984, hata hivyo, kilikuwa chombo chenye kazi nyingi na mapato machache. Katiba ilitamka kuwapo kwa halmashauri bila kutaja chanzo hata kimoja cha mapato kilicho chake, na suala hilo likaachwa kwa sheria za kawaida, ambazo Bunge huweza kuzibadili kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha. Tofauti hiyo kati ya kinacholindwa na Katiba na kinachoachiwa sheria ya kila mwaka ndiyo chimbuko la karibu migogoro yote iliyofuata.

> Katiba inatamka kwamba halmashauri zitakuwapo, lakini haitaji chanzo hata kimoja cha mapato kilicho chake.

Safari ya kodi moja

Kodi ya majengo, iliyowekwa chini ya halmashauri za miji kwa sheria ya mwaka 1983, ni mfano ulio wazi kuliko yote. Kodi hii hutozwa kwenye jengo na si kwenye kiwanja, kwa sababu ardhi ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini, na pango lake hulipwa serikali kuu kwa utaratibu mwingine. Kwa asili, kila halmashauri ilitakiwa kuandaa daftari la uthamini, yaani orodha ya majengo na thamani zake, kisha baraza la madiwani likapanga asilimia itakayotozwa.

Kazi hiyo ilifanyika kwa kusuasua. Wathamini walikuwa wachache, madaftari yalizeeka kabla hayajakamilika, na nyumba nyingi za maeneo yasiyopimwa hazikuingizwa popote. Mwaka 2008 Serikali iliikabidhi TRA ukusanyaji katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, kwa hoja kwamba chombo chenye uzoefu kingefanya vizuri zaidi, lakini TRA haikuwa na watu wa mitaani wala ujuzi wa vichochoro, na mwaka 2014 kodi ilirudishwa kwa manispaa.

Ilikaa huko kwa miaka miwili tu. Julai 2016 TRA ilipewa tena ukusanyaji, safari hii ukienea nje ya Dar es Salaam, na fedha zikawa zinaingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, ambao halmashauri huomba kutoka humo kama zinavyoomba fedha nyingine yoyote. Mwaka 2018 uthamini uliwekwa kando, vikatangazwa viwango vya mkupuo vya Sh10,000 kwa nyumba ya kawaida na Sh50,000 kwa kila ghorofa mijini, na mwaka 2021 kodi ikahamishiwa kwenye LUKU kwa Sh1,000 na Sh5,000 kwa mwezi, kabla ya kupandishwa mwaka 2023 hadi Sh1,500 na Sh7,500.

Watafiti Merima Ali, Odd-Helge Fjeldstad na Lucas Katera, walioufuatilia mzunguko huo, wamesisitiza umuhimu wa ushirikiano kati ya ngazi mbili za serikali, ambao kwa kweli ulikosekana kila mara: kila uhamisho ulifuta kazi ya mwenzake aliyetangulia, kana kwamba ujuzi wa halmashauri na mifumo ya TRA ni vitu visivyoweza kukaa nyumba moja.

Bangalo la Masaki, kibanda cha Mbagala

Athari ya kuacha uthamini huonekana vizuri zaidi nyumba mbili zikiwekwa kando kwa kando. Bangalo la Masaki lenye bustani, ukuta wa mawe na bwawa la kuogelea, kwa kuwa halina ghorofa, hutozwa Sh18,000 kwa mwaka, sawasawa na nyumba ya vyumba viwili ya matofali ya saruji iliyoezekwa bati huko Mbagala. Jengo la ghorofa saba la Kariakoo, kwa kiwango cha Sh90,000 kwa kila ghorofa, hudaiwa Sh630,000 kwa mwaka mzima, fedha ambazo kwa kawaida hazifiki pango la mwezi mmoja la fremu moja ya biashara iliyo chini ya jengo hilohilo.

Sheria haikusahau wanyonge kabisa, kwani nyumba za tope, za tembe na za makuti zimeondolewa, na mzee aliyetimiza miaka 60 anayeishi katika nyumba yake husamehewa nyumba moja. Lakini mita haijui nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na ingawa kodi ni ya mwenye mali, mpangaji wa chumba na sebule hulazimika kumkumbusha mwenye nyumba kila mwezi amrudishie Sh1,500, jambo ambalo wengi huona aibu kulifanya au huliacha kwa kuchoka.

Halmashauri ingekuwa na mamlaka ya kupanga kiwango, baraza la madiwani lingeweza angalau kujadili kama Masaki na Mbagala zitozwe sawa. Kwa mpangilio wa sasa, mjadala huo hauna pa kufanyikia isipokuwa Dodoma, ndani ya ukumbi wa Bunge, ambako nyumba za kata moja si hoja ya mtu.

> Bangalo lenye bwawa la kuogelea na nyumba ya vyumba viwili hulipa kodi moja: Sh18,000 kwa mwaka.

Hazina inasemaje

Serikali kuu ina hoja, na hoja hizo hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza ni ya historia. Halmashauri za miaka ya 1990 zilikuwa na utitiri wa kodi na ushuru ambao ulichukiwa hasa vijijini: kodi ya maendeleo ilikusanywa kwa msaada wa mgambo, wanaume wakilala porini siku ya msako, huku mageti ya ushuru yakimsimamisha mkulima njiani mara mbili au tatu kwa gunia lilelile. Wakati Serikali ilipofuta kodi ya maendeleo na ushuru mwingine mwingi mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikawapunguzia wafanyabiashara wadogo mzigo wa ada za leseni, hapakuwa na maandamano ya kuzitetea halmashauri.

Ya pili ni uvujaji. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), mwaka baada ya mwaka, hutaja makusanyo yaliyopita katika mashine za kielektroniki, ambazo watumishi huziita posi, lakini hayakufika benki, pamoja na mashine zilizozimwa kwa siku nyingi bila maelezo. Kabla ya mashine hizo kulikuwa na mawakala, yaani watu binafsi waliopewa zabuni ya kukusanya ushuru wa soko au stendi kwa makubaliano ya kuipa halmashauri kiasi maalumu, na kilichozidi hapo hakuna aliyekihesabu.

Ya tatu, na pengine iliyo nzito kuliko zote, ni usawa. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali iliamua kulipa posho za madiwani wa halmashauri 168 zenye mapato hafifu, ikaziachia 16 tu zijilipie. Mgawanyo huo unatosha kuonyesha kwamba kati ya halmashauri 184 za Tanzania Bara, nyingi hazina uwezo wa kugharimia hata vikao vya baraza lao, na kwamba kuziachia kila kitu zijitafutie kungemaanisha zahanati nzuri kwa wenye viwanda na migodi, na kuta zilizopasuka kwa wengine.

Hoja hiyo ya usawa ingekuwa na nguvu zaidi kama fedha zinazokusanywa na Hazina zingerudi kwa kanuni iliyo wazi. Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa iliyoanza mwaka 2004/05 ilikuwa na sifa hiyo: iligawanywa kwa kutazama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo, na halmashauri iliyokuwa na hesabu mbovu ilinyimwa au kupunguziwa. Katika miaka ya 2010 ruzuku hiyo ilidhoofika, fedha zikachelewa au zisifike, na nafasi yake ikachukuliwa zaidi na miradi inayotangazwa kutoka juu, ambayo huja na ramani, kiasi na tarehe ya kukamilika.

Halmashauri zinajibu

Upande wa pili, ambao husemewa zaidi na Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania (ALAT), hauanzi na kiasi cha fedha bali na utaratibu. Hoja yake ni kwamba chanzo kikiwa kigumu huachiwa halmashauri, na kikishanona huchukuliwa. Ushahidi wake si wa kodi ya majengo pekee: ada ya mabango ya matangazo ilipelekwa TRA na kurudishwa halmashauri mwaka 2021; barabara za mijini na vijijini zilihamishiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) mwaka 2017, na ada ya maegesho ya magari ikafuata barabara; maji vijijini yakaenda kwa wakala mwingine, RUWASA, mwaka 2019.

Hoja hizo mbili za barabara na maji zina utata wake, kwa sababu wahandisi wa wilaya waliokuwa wachache na waliotawanyika walinufaika kwa kuwekwa pamoja, na barabara nyingi ni bora kuliko zilivyokuwa. Lakini diwani bado ndiye anayeulizwa kuhusu kalavati lililozolewa na mvua, na jibu lake la kweli, kwamba amemwandikia meneja wa TARURA na anasubiri, halimpi kura.

Kinachobaki mikononi mwa halmashauri ni vyanzo vichache vikubwa na vingi vidogo. Ushuru wa huduma hutozwa kwa asilimia ndogo ya mauzo ya kampuni. Ushuru wa mazao hutozwa kwa asilimia ya bei ya mazao. Kisha kuna ada za leseni, vibali vya ujenzi, masoko, stendi, machinjio, nyumba za kulala wageni na faini. Kwa jumla makadirio ya mapato ya ndani ya halmashauri zote yamevuka Sh1 trilioni kwa mwaka, kiasi kinachoonekana kikubwa mpaka kikumbukwe kwamba mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine wa halmashauri hulipwa moja kwa moja na Hazina, na kwamba halmashauri haina uwezo wa kuajiri mwalimu mmoja kwa uamuzi wake.

Korosho, dhahabu na viwanja

Utegemezi wa chanzo kimoja ni tatizo ambalo serikali kuu haikulileta lakini limekuwa rahisi kuchochewa na maamuzi yake. Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, huishi kwa korosho. Ushuru wa mazao kisheria hulipwa na mnunuzi, ingawa kila mkulima anajua kwamba mnunuzi huuondoa kwanza katika bei. Juni 2017 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, ahueni ya haki kwa mkulima, lakini kwa halmashauri ya korosho ilikuwa sawa na kupoteza mbili ya tano ya chanzo chake kikuu kwa kifungu kimoja cha sheria. Msimu uliofuata wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kuisomba, soko la kawaida lilisimama, na mipango ya halmashauri hizo ikabaki ikisubiri uamuzi ambao hazikushirikishwa kuufanya.

Geita inasimulia upande mwingine. Kwa miaka mingi mikataba ya uchimbaji iliyosainiwa na serikali kuu ilizifunga kampuni kubwa za madini kulipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, bila kujali dhahabu iliyochimbwa, mpaka zilipokubali mwaka 2014 kulipa asilimia 0.3 ya mauzo kama sheria ilivyotaka. Kwa kiwango hicho kila Sh1 bilioni ya mauzo iliipa halmashauri Sh3 milioni. Halmashauri ya jirani isiyo na mgodi, ambayo watu wake hufanya kazi katika mgodi huohuo, haipati kitu.

Jiji la Dodoma ndilo lililowashangaza wengi. Baada ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) kuvunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri, ambayo mwaka uliofuata ilipandishwa kuwa jiji, mauzo ya viwanja kwa watumishi na wawekezaji waliohamia makao makuu yaliipeleka juu ya orodha ya makusanyo ya nchi nzima, mbele ya manispaa za Dar es Salaam. Tatizo la chanzo hicho linajulikana na kila mwenye shamba: kiwanja huuzwa mara moja. Jengo linaloota juu yake ndilo lingeweza kulipa kila mwaka, nalo hulipa Hazina.

> Dodoma iliongoza nchi kwa kuuza viwanja. Majengo yaliyoota juu yake hulipa kodi Hazina.

Fedha zenye njia yake

Hata mapato yanayokusanywa na halmashauri yenyewe hayako huru. Mwongozo wa bajeti huitaka halmashauri ndogo itenge asilimia 40 ya mapato yake kwa maendeleo, na kubwa asilimia 60 au zaidi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yanaitaka itenge asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijiji navyo vinadai asilimia 20 ambayo miongozo huviahidi na ambayo mara nyingi haifiki. Baada ya hapo mkurugenzi hubaki na kiasi kidogo cha kununulia mafuta, karatasi na kulipa posho za wenyeviti wa mitaa.

Masharti hayo yalikuwa na sababu zake, kwa kuwa kabla yake mapato ya ndani yaliishia katika vikao, safari na posho, na hakuna mpiga kura aliyeona darasa lililojengwa kwayo. Mikopo ya asilimia 10 imewapa mitaji wanawake wengi ambao benki isingewafungulia mlango. Lakini Aprili 2023 ilisimamishwa nchi nzima baada ya CAG kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwapo, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya uliojaribu benki katika halmashauri 10. Halmashauri iliyokuwa imekopesha vizuri na ile iliyokuwa imeibiwa zilifungiwa kwa amri moja.

Ruzuku nazo zimeanza kupita pembeni. Tangu elimumsingi ilipofanywa bila ada mwaka 2016, fedha za shule huenda moja kwa moja katika akaunti ya shule, na fedha za uendeshaji wa zahanati vivyo hivyo. Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini sasa hupata fedha zake kwa wakati kuliko zamani zilipokuwa zikikwama wilayani, na ni vigumu kumshawishi kwamba utaratibu wa awali ulikuwa bora. Kilichopungua ni sababu ya baraza la madiwani kukaa na kupanga.

Jirani aliyeandika katika Katiba

Kenya ilichukua njia nyingine. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, zikaanza kazi mwaka 2013, ikaamuru zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na ikaziachia kodi ya majengo na ya burudani kuwa zake. Mbunge hawezi kuipeleka kodi hiyo Nairobi kwa marekebisho ya sheria ya Juni.

Ulinzi huo haukuleta amani. Mwaka 2019 Seneti na Bunge la Kitaifa zilivutana miezi kadhaa, moja ikitaka Sh335 bilioni za Kenya na nyingine Sh310 bilioni, zikakutana kwenye 316.5. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kwa shinikizo la vijana mitaani, mgao uliokuwa umepitishwa wa Sh400.1 bilioni ulipunguzwa hadi 387.4. Magavana hulalamika kila mwaka kwamba fedha huchelewa, na wauzaji wa bidhaa hudai kaunti madeni ya miaka. Nairobi yenyewe, pamoja na haki yake ya kikatiba, iliendelea kwa miongo kadhaa kutoza kodi ya majengo kwa daftari la uthamini la miaka ya 1980.

Ulinganisho huo hauiachi Kenya ikiwa mwalimu wala mwanafunzi. Unaonyesha kwamba haki ya chanzo bila uwezo wa kukikusanya ni karatasi, na kwamba uwezo wa kukusanya bila haki ya chanzo, kama ulivyokuwa unaanza kujengeka katika manispaa za Dar es Salaam kabla ya 2016, unaweza kufutwa usiku mmoja. Gavana wa Kenya anajua kiasi gani anadai Hazina na anaweza kukipigania mahakamani. Mkurugenzi wa halmashauri ya Tanzania, ambaye uteuzi wake hutoka serikali kuu, hana wa kumshitaki, na hata angekuwa naye asingemshitaki.

Bajeti ya Januari, sheria ya Juni

Kalenda ya bajeti huweka wazi jambo ambalo mijadala ya kanuni huliacha. Mwongozo wa bajeti hutoka karibu na Novemba. Vijiji na mitaa hukaa na kutaja vipaumbele vyao kwa utaratibu wa upangaji shirikishi uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kata hukusanya, halmashauri huchuja, na baraza la madiwani hupitisha makadirio mwanzoni mwa mwaka. Mwezi Aprili Bunge hupitisha makadirio hayo ndani ya mafungu yaliyo chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Kisha Juni, wakati kila darasa na kila choo kimeshapangiwa shilingi yake, Sheria ya Fedha hupita na kuanza kutumika Julai 1.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016 kwa kodi ya majengo na mwaka 2017 kwa ushuru wa mazao. Katika miaka yote miwili halmashauri zilianza mwaka wa fedha na bajeti iliyopitishwa kisheria lakini yenye shimo ambalo wabunge walewale walioipitisha Aprili walilichimba Juni. Mkurugenzi alitakiwa kuendelea kupimwa kwa asilimia ya lengo alilowekewa kabla chanzo hakijaondoka.

Kati ya mapendekezo yote yanayozungumzwa, lililo dogo kuliko yote ndilo lenye maana ya haraka zaidi: kwamba badiliko lolote la Sheria ya Fedha linalopunguza au kuhamisha chanzo cha halmashauri lisianze kutumika kabla ya mwaka mmoja kamili wa bajeti kupita, na kwamba fidia yake iandikwe katika kifungu hichohicho, kwa kanuni inayojulikana, badala ya kuachiwa barua za maombi. Halihitaji Katiba mpya wala haliinyang'anyi TRA mita za LUKU. Linahitaji kifungu kimoja katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9 ya 1982, na Bunge lililo tayari kujifunga mikono kwa miezi 12.